Niliendea Jino, Nikaambiwa Pua

Daktari wa meno alikuwa akizungusha fuvu langu kwenye kompyuta, juu, chini, kushoto, kulia, kama mama anayechagua tikitimaji soko la Wakulima. Alikuwa anapima mfupa wa taya la juu aone kama utashika skrubu ya jino la kupandikiza. Mara mkono wake ukasimama. Akaikuza picha, akaipunguza, akairudisha ilipokuwa.

"Mama, unasumbuliwa na sainasi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kila mwaka kuanzia Januari hadi mvua ya kwanza ninapumua kwa shida, kama karibu kila mtu ninayemjua hapa Nakuru. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Juu ya pengo langu la kulia kulikuwa na uwazi mweusi, na sakafuni mwa uwazi huo kitu cha kijivu, laini, kimeinuka kama nusu ya chungwa iliyofunikwa mezani. Upande wa kushoto uwazi kama huo ulikuwa mweusi mtupu.

"Hiki sikukitafuta," akasema. "Lakini nimekiona, na siwezi kujifanya sijakiona."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika. Nimetembea nayo kwa miezi, na imenifanya nifukue habari za mtu mwingine kabisa, mjomba wangu wa Njoro, ambaye picha ya meno yake ilikuwa imeona kitu miaka minne kabla na hakuna aliyemwambia.

Nianze na jino, kwa kuwa ndilo lililonipeleka. Nimekulia upande wa Elementaita, ambako maji ya kisima huacha alama kwenye meno ya mtoto kabla hajajua kusoma. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa hutoa floridi nyingi kwenye maji ya chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda wetu hupita hapo. Meno yetu ni ya kahawia, na kwa wengine gamba la jino huwa na vishimo na humeguka. Tulijifunza kucheka tukiwa tumeziba midomo kwa kiganja. Gego langu la juu kulia lilianza kumeguka nikiwa kidato cha pili, likang'olewa nikiwa na miaka 19, na tangu hapo nimekuwa nikitafuna kwa upande mmoja. Zaidi ya miaka 20. Mwaka jana nilipata pesa kidogo za chama, nikaamua kwamba zamu hii haitakuwa ya karo wala mabati. Nitarudisha gego langu.

Lakini mfupa usio na jino la kushika hunywea. Na uwazi ulio juu yake hushuka polepole kuja kuchukua nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo kabla ya kutoboa chochote, daktari alitaka kujua mfupa uliobaki ni wa milimita ngapi, na hilo picha ya kawaida haiwezi kusema vizuri. Ndiyo maana nilipelekwa kwenye skani.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Unasimama, unauma kijiti cha plastiki, kichwa kinashikwa kisitikisike, na mkono wa mashine unakuzunguka kwa sekunde chache. Mwale wake umefunguka kama koni, na jina lake la kitaalamu limetokana na hapo, CBCT, yaani cone-beam CT, ingawa wahudumu wengi husema tu 3D. Otto Walkhoff, daktari wa meno wa Ujerumani aliyepiga picha ya meno yake mwenyewe mapema mwaka 1896, mara tu baada ya Röntgen kutangaza ugunduzi wake wa eksirei, alilazimika kukaa dakika 25 bila kutikisika apate kivuli hafifu cha magego. Mimi nilipata kichwa kizima kwa muda wa kusali Baba Yetu. Mashine haijui jino linaishia wapi. Ukiifungua kwa upana, inachukua taya, pua, sakafu ya jicho, wakati mwingine hadi mifupa ya shingo, na yote hayo yanakaa kwenye faili moja yakingoja mtu wa kuyatazama.

Hapo ndipo penye jambo. Kuna tofauti kati ya kupigwa picha na kusomewa picha.

Picha yangu ilisomwa. Daktari aliituma Nairobi kwa mtaalamu wa picha za kinywa na taya, maana wataalamu hao nchini ni wachache, na baada ya siku nne ripoti ikaja kwenye simu. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza. Mistari kumi na kitu ya mfupa na milimita, kisha mmoja wa mwisho: uvimbe wenye umbo la kuba kwenye sakafu ya sainasi ya kulia, milimita 14, umeonekana bila kutafutwa, ulinganishwe na dalili za mgonjwa. Nilijaribu kumweleza mume wangu kwa simu maana ya lile neno la Kiingereza la kuonekana bila kutafutwa, "incidental", nikakwama. Tuna bahati, tuna ajali, tuna nasibu, na kila moja linaegemea upande wake. Bahati inafurahi. Ajali inalia. Nilitaka neno la kitu ambacho bado hakijasema kimekujia kwa heri au kwa shari, na nasibu ndilo lililokaribia.

Usiku huo nilifanya kile ambacho kila mtu hufanya. Nilikaa jikoni na simu, nikasoma hadi saa nane. Ukiandika "uvimbe" na "sainasi" unaletewa saratani katika mistari mitatu ya kwanza, na mimi nimeshamwona shangazi yangu akienda Eldoret na kurudi, akienda na kurudi, mpaka safari zikaisha. Nilipiga hesabu za harambee ya matibabu yangu kabla sijapiga simu moja ya kumwona daktari wa pua. Wiki tatu nilizosubiri kliniki nilikuwa nikibonyeza shavu la kulia kila asubuhi mbele ya kioo, nikililinganisha na la kushoto, nikihisi tofauti ambayo haikuwepo.

Baadaye nilikuja kusoma habari ya mwanamke mmoja wa Uingereza, wa karne ya 17, na niliguswa kana kwamba ni jirani. Nathaniel Highmore, tabibu aliyechapisha kitabu cha maumbile ya mwili mwaka 1651, alieleza kwa kina uwazi huu ulio kwenye mfupa wa taya la juu, na kwa muda mrefu ukaitwa kwa jina lake. Leonardo da Vinci alikuwa ameshauchora kama miaka 160 kabla yake, lakini michoro ile ilikaa kabatini. Katika maelezo yake Highmore anamtaja mgonjwa aliyeng'olewa jino, na majimaji yakawa hayakomi kutoka pale kwenye tundu. Mwanamke huyo akaingiza kipini cha fedha kwenye tundu, kikazama hadi karibu na jicho. Akaingiza unyoya. Nao ukaenda, ukaenda. Akashikwa na hofu kubwa, akidhani umemfika kwenye ubongo.

Unyoya ulikuwa ukijizungusha ndani ya sainasi. Hakukuwa na mtu wa kumwambia hivyo mpaka alipofika kwa Highmore. Hofu yake naijua.

Kwetu sainasi ni jina la ugonjwa. Mtu akipiga chafya mara tatu anaambiwa ana sainasi, na katika mji ambao wengi husema jina lake linatokana na neno la Kimaasai la vumbi, hakuna anayeuliza zaidi. Kemisti anakupa vidonge, shemeji anakupa majani ya mkaratusi ya kujifukiza, na vumbi la barabarani linabeba lawama yote. Daktari wa masikio, pua na koo aliyenipokea, mama mtulivu anayezungumza polepole, alinianzia hapo hapo. Sainasi ni mahali, akasema. Kila mtu anazo, mzima na mgonjwa. Ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, jozi nne, na vikubwa kuliko vyote ni hivi viwili vya mashavuni. Kimoja cha mtu mzima kinaingia kama mililita 15, vijiko vitatu vya chai. Kuta zake zimevikwa utando mwembamba unaotoa kamasi ya kunasa uchafu.

Kisha akanichorea kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Mlango wa chumba hicho hauko chini, mahali ambapo maji yangeshuka yenyewe. Uko juu, karibu na dari, upande wa pua. Kwa hiyo kamasi inabidi ipandishwe mlima. Vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho hupiga makasia usiku na mchana, vikiisukuma kamasi kutoka sakafuni hadi mlangoni. Mafua yakivimbisha mlango, au moshi wa sigara ukivipooza vile vinyweleo, kamasi inatuama. Nilikaa nikiutazama mchoro ule nikamhurumia kila mtu aliyewahi kulala na pua imeziba.

Na sakafu? Sakafu ya chumba hicho ndiyo dari ya magego yako ya juu. Mizizi ya magego ya kwanza na ya pili inafika pale pale. Kwa watu wengine kuna mfupa wa milimita kadhaa katikati, kwa wengine ganda jembamba kama la yai, na kwa wengine hakuna mfupa kabisa, ni utando tu. Ndiyo sababu mtu mwenye mafua makali huumwa na meno ya juu yote kwa pamoja na kudhani yameoza. Na ndiyo sababu skani ya magego ya juu haiwezi kukwepa sainasi hata ikitaka.

Akaiweka picha yangu ukutani kwenye skrini. Alisema anaangalia mfupa kwanza, kabla ya kuangalia uvimbe. Mstari mweupe wa ukuta ulikuwa mzima pande zote, haukuliwa, haukusukumwa, haukunenepa. Hilo peke yake lilinirudishia pumzi. Kuba yenyewe ilikuwa na ukingo laini, rangi moja, haina madoa. Akasema ni tezi ndogo ya kamasi iliyoziba mlango wake, majimaji yakajikusanya chini ya utando kama lengelenge la kiatu kipya. Ni kitu cha kawaida sana. Huonekana kwa watu ambao hawajaumwa na pua hata siku moja. Vingine hukaa miaka bila kubadilika, vingine hupasuka vyenyewe na mtu akaona majimaji ya manjano kwenye leso asubuhi moja, basi. Havigeuki kuwa saratani. Havitibiwi kama havisumbui.

"Na kwa nini basi niliambiwa?" nikamuuliza. Niliuliza kwa uchungu, nakiri, kwa sababu ya wiki tatu zile.

Akanijibu kwamba daktari wangu wa meno anataka kutoboa mfupa ulio chini ya chumba hicho, na huenda akalazimika kuuinua utando aongeze mfupa. Mwenye kuinua zulia anapaswa kujua kuna nini juu yake.

Nimekutana na hoja kwamba vitu kama hivi visiandikwe kwenye ripoti, kwamba vinatisha watu bure na kuwagharimu nauli na ada ya kliniki. Ninaielewa. Skani niliilipa kutoka mfukoni, na kliniki ya pua nayo. Lakini siikubali. Kilichonitesa hakikuwa kuambiwa. Kilichonitesa ni kuambiwa mstari mmoja usio na maelezo, kwa lugha ya ofisi, saa kumi na moja jioni ya Ijumaa. Kama chini ya mstari ule kungekuwa na mwingine unaosema kwamba mfupa ni mzima na kuba kama hii kwa kawaida haina madhara, ningelala. Mgonjwa si mtoto wa kufichwa, wala si karani wa kupokea faili akalipeleka dirisha la pili.

Nilimuuliza pia ni kitu gani kingemfanya yeye asilale. Akawaza kidogo. Upande mmoja kujaa wakati wa pili ni safi, hasa kukiwa na harufu. Mfupa ulioliwa. Madoa meupe makali katikati ya ukungu, kama vumbi la chaki, ambayo mara nyingi ni donge la kuvu lililojijenga humo ndani, pengine likizunguka chembe ya dawa ya kujazia mzizi iliyopenya kutoka kwenye jino. Jino linaloonekana zima lakini ncha ya mzizi wake ina duara jeusi, na juu ya duara hilo utando umevimba. Alisema utando wenye afya ni mwembamba, kama milimita moja, na wengi huanza kuuliza maswali ukipita mbili. Lakini mtu aliyepigwa skani akiwa na mafua atakuwa na utando mnene pande zote mbili, na huyo hana la kuogopa zaidi ya mafua yake. Amewahi kukuta kipande cha mzizi kilichosukumwa ndani wakati wa kung'oa. Amewahi kukuta jino zima limeota humo.

Aliposema "upande mmoja, na harufu," mkono wangu ulikuwa kwenye mkoba nikitafuta kalamu. Nikauacha humo.

Mjomba wangu ni seremala. Ana karakana Njoro, si mbali na barabara ya kwenda Mau Narok, na amenunuliwa vitanda na nusu ya ukoo wetu. Ni mtu wa watu. Ila kwa miaka kadhaa tulikuwa tumeona akijitenga, kila mmoja akitafuta sababu yake. Kwenye mikutano ya familia alikaa karibu na mlango. Kwenye matatu alitaka dirisha, na dirisha liwe wazi hata kwenye baridi ya Njoro. Aliacha kuimba kwaya, yeye mwenye besi ya kutingisha viti. Mara moja tu alimwambia mama yangu kwamba kuna kitu kinanuka ndani ya pua yake ya kushoto, kama panya aliyefia darini, na hajui kama watu wengine wanakisikia. Mama akampelekea mkaratusi.

Alikuwa ametibiwa sainasi mara nne. Kila mara vidonge vilimpa nafuu ya wiki mbili, kisha usaha na harufu vikarudi, upande ule ule. Hakuna aliyemwangalia mdomoni, kwa sababu meno hayakumuuma. Sasa najua kwamba hilo ndilo linalowapoteza watu. Jino lililokufa kiini mara nyingi haliumi. Na usaha ukipata njia ya kupanda kwenye sainasi hakuna shinikizo la kuleta maumivu; uvimbe wa shavu unaotupeleka kwa daktari mbio haupo. Mgonjwa ana pua, hana jino, na anakwenda kwa watu wa pua. Vitabu vya zamani vilikadiria kwamba ugonjwa wa sainasi ya shavu unaoanzia kwenye meno ni kama asilimia 10 hadi 12 ya visa vyote. Watafiti wa karibuni wanauona mara nyingi zaidi ya hapo, hasa pale ugonjwa unapokuwa upande mmoja.

Jumamosi iliyofuata nilipanda hadi Njoro. Nikamuuliza kama amewahi kupigwa picha ya meno. Akafikiri, akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki iliyokunjika pembe. Ndani yake kulikuwa na picha ya OPG, ile ya meno yote kwenye ukurasa mmoja, aliyopigwa alipotaka meno ya bandia ya chini. Tarehe yake ilikuwa ya miaka minne nyuma. Kituo kilichoipiga sitakitaja, kwa sababu ninaamini vingine vingi vingefanya vivyo hivyo: waliombwa meno ya chini, wakatazama meno ya chini, wakamtengenezea meno ya chini mazuri ambayo anayo hadi leo.

Nilimpelekea daktari wangu wa meno picha ile. Alikuwa anakunywa chai. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na kabla sijasema ni upande gani akaweka kidole kushoto juu. Gego la kwanza, lililozibwa mzizi zamani, dawa haikufika mwisho. Kivuli kwenye ncha. Sakafu ya sainasi hapo haikuonekana vizuri kama upande wa pili. Akaniambia nisichukulie hiyo kama hukumu, kwa sababu picha ile inalaza uso mzima kwenye karatasi bapa na vivuli hupandana, lakini kama angekuwa ndiye aliyeipiga angemwita huyo mzee siku ile ile.

Miaka minne ilikuwa imelala kwenye droo pamoja na risiti za mbao.

Mjomba alikuja Nakuru Jumanne. Skani ilionyesha bila shaka: ncha za mizizi miwili zimezungukwa na weusi, mfupa uliokuwa juu yake umetoboka, na sainasi yote ya kushoto imejaa ukungu hadi darini, huku ya kulia ikiwa safi kama yangu ya kushoto. Daktari wa pua alimuuliza anafanya kazi gani. Aliposikia seremala, akanyamaza kidogo, akasema atachukua kipande cha nyama kwa kamera apeleke maabara. Vumbi la mbao liko kwenye orodha ya visababishi vya saratani ya pua na sainasi ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani tangu mwaka 1995, na mtu aliyekata mbao miaka 35 bila barakoa anastahili kuangaliwa. Zile siku za kungoja maabara sitaziandika. Jibu lilikuja: ni uambukizo, si saratani.

Jino lilikuwa na ufa, halikuokolewa. Liling'olewa, na lilipotoka tundu lilibaki limeunganisha mdomo na sainasi, kama la yule mwanamke wa Highmore. Safari hii lilifunikwa kwa nyama ya ufizi na kushonwa. Wiki mbili asipenge kamasi. Akitaka kupiga chafya afungue mdomo. Asinywe kwa mrija. Baadaye daktari wa pua akaufungua mlango wa sainasi kwa kamera na kuiosha. Nilimuuliza kwa nini dawa peke yake hazikutosha miaka yote ile, akasema ukikausha sakafu bila kufunga mfereji utakausha tena kesho.

Mtu asikimbilie skani kwa sababu ya makala haya. Ni mionzi, na ingawa ya meno kwa kawaida ni kidogo kuliko ya CT ya hospitali, ni zaidi ya picha ya OPG, na haifai kupigwa ili kuwinda tu. Nyingine hufunguliwa dirisha dogo la meno mawili matatu na haitafika kwenye sainasi, na ni sawa. Ila kama umeshapigwa, kwa sababu yoyote, uliza nani ameisoma yote, kutoka ukingo hadi ukingo. Chukua nakala. Usiiache kwenye droo ya mtu. Na ukiwa na pua ya upande mmoja isiyosikia dawa, mwambie daktari wa pua habari za meno yako hata kama hakuuliza, na mwambie daktari wa meno habari za pua yako. Wanakaa majengo mawili tofauti. Katikati yao ni wewe.

Mimi gego langu bado. Tumekubaliana kungoja miezi sita, kuba itazamwe tena kabla ya kuinua utando. Sijabonyeza shavu tangu ile siku ya kliniki.

Mwezi uliopita nilipitia karakana kuchukua stuli. Mjomba alikuwa na barakoa imening'inia kidevuni, akipiga randa ubao wa mtarakwa aliopewa kutoka nyumba ya zamani iliyobomolewa. Maranda yalikuwa yanajikunja sakafuni, mekundu. Akaniona, akasimama, akaokota randa moja refu.

"Mama, njoo uone," akasema.

Akaziba tundu la kulia kwa kidole gumba. Akaliweka lile randa chini ya la kushoto, akafumba macho, akavuta pumzi hadi mabega yakapanda.

"Mtarakwa," akasema.